Injini Isiyo na Bei

Kwanza ilikuja sauti. Ko, ko, ko, kavu na ya haraka, kama mtu anayegonga sufuria tupu kwa mwiko akidai chakula. Ilitoka chini kabisa ya kilima, kule barabara ya Kibondo inapoingia Kasulu, na ilichukua muda mrefu kupanda. Mama akiisikia aliweka motoni maji ya baba ya kuoga, na maji yalikuwa yakichemka kabla pikapu haijatokeza pua yake kwenye kona ya mikaratusi. Majirani nao waliijua. "Mzee wenu anabisha hodi," walituambia, na baba alikuwa bado yuko bondeni.

Baada ya sauti ulifuata moshi, wa rangi ya buluu, mzito, ukinuka mafuta yaliyoungua. Baada ya moshi ndipo alipoonekana baba mwenyewe, ameshika usukani kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa kidogo upande, kama mtu anayeongozana na mgonjwa na hataki kumwuliza hali yake mbele za watu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikingoja nyumbani barua ya kuniita chuo cha ualimu, na kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine, hasira za nyumba ile nilizibeba mimi. Baba alikuwa mnunuzi wa asali na nta. Kila mwaka mvua zikikatika, warina asali wa misitu ya Kibondo walishusha mizinga, na baba alikwenda kijiji kwa kijiji na madebe yake, akapima, akalipa, akarudi Kasulu amejaza, kisha akashuka Kigoma kuuza. Asali ya msimu ule haikusubiri mtu. Mrina asali ana watoto na ana mahitaji. Humwuzia anayefika kwanza, na akishamzoea huyo, mwaka wa pili humwekea huyo. Basi jambo lilikuwa hilo moja tu, na kila mtu nyumbani alilijua: gari lipone kabla ya mavuno, au baba arudi Muyama kwa kaka zake akashike jembe.

Mavuno yalikuwa mwezi wa sita. Sisi tulikuwa mwezi wa nne.

Fundi wetu alikuwa mtu wa Ujiji, mwembamba, mwenye kofia iliyowahi kuwa nyeupe, na banda lake la mabati lilikuwa nyuma ya soko. Hakuwa na vyombo vya kupimia. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka juu ya injini inayonguruma, mpini akautia sikioni, akafumba macho. Alihamisha ncha mara nne, silinda moja baada ya nyingine. Baba alisimama pembeni, kofia mkononi.

"Zima," fundi alisema.

Baba akazima. Kimya kilichofuata kilikuwa kitamu.

"Mzee, gari lako linakunywa oili kuliko linavyokunywa petroli. Silinda zimelika, ringi zimechoka. Na huyu anayegonga huku chini ni beringi. Siku moja atachoka kugonga, atafungua mwenyewe atoke."

"Dawa yake?"

"Hapa hakuna dawa, mzee. Hapa ni kupasua. Kuna njia mbili. Tuishushe injini, tuifungue yote, bloku ipande treni kwenda Tabora ikasagwe upya, tutafute pistoni kubwa zaidi, kama zipo nchini. Au utafute injini nyingine nzima, tuibadilishe. Ya kwanza ina muda wake, na siwezi kukuahidi siku. Ya pili ni siku mbili tu, lakini injini yenyewe siijui ilipo."

"Wewe ungefanya ipi?"

"Mimi ningeuza gari ninunue punda," fundi alisema, na akarudi chini ya lori alilokuwa akilitengeneza.

Mtu mwingine angeamua siku ile, au wiki ile. Baba alisema, "Tutaona." Sikujua wakati huo kwamba neno hilo linaweza kuchukua mwezi mzima. Alikwenda kumwuliza mwenye duka la vitambaa, ambaye hakuwahi kumiliki hata baiskeli. Akamwuliza dereva wa basi la Kigoma, ambaye alisema abadilishe. Akamwuliza katekista, ambaye alisema atengeneze, kwani kila kitu kina roho yake hata kama si roho ya kuokolewa. Akakutana barabarani na mtu wa Manyovu aliyewahi kusukuma gari la namna ile likiwa limekwama, na rai yake ikapokewa nyumbani kama rai ya daktari. Kila jioni baba alirudi na jibu jipya, akalila pamoja na ugali, na asubuhi alikuwa na njaa tena.

"Baba," nilimwambia siku moja, "ukiuliza watu kumi utapata majibu kumi."

"Nimeuliza saba tu, mama," alinijibu. Aliniita mama kila alipotaka ninyamaze.

Mwezi wa tano ulipoanza habari ilitufikia kwa wasafiri. Nje kidogo ya Kibondo, pikapu kama yetu, ya aina ile ile, ilikuwa imeteleza wakati wa mvua na kulala kwenye mtaro. Kichwa kilibonyea hakifai, lakini injini ilikuwa salama, changa, haijasafiri sana. Na mwenye gari alikuwa mzee mmoja ambaye baba alimjua tangu ujana: walipanda treni pamoja kwenda Tanga kukata mkonge, manamba wawili kutoka Buha wenye blanketi moja. Mwenzake alirudi akanunua ng'ombe, ng'ombe wakazaa, na sasa alikuwa mtu mkubwa upande ule.

Nilifurahi hata nikaona aibu. Nikachukua karatasi, baba akanena, mimi nikaandika: salamu ukurasa mzima, na mwishoni swali dogo la bei. Majibu yalikuja na basi baada ya siku tisa, yameandikwa na mtu mwingine kwa niaba ya mzee, kwa kalamu ya risasi. "Injini ipo. Njoo uichukue, ndugu yangu. Wewe na mimi hatuulizani bei."

Nilisoma kwa sauti, nikatazama juu nione furaha. Baba alikuwa amekunja uso.

"Soma tena hapo mwisho."

Nikasoma tena.

"Basi," alisema. "Tumekwama."

Nilimwuliza tumekwama vipi, mtu akitupa bure kitu tunachokihitaji kuliko vyote. Alitoka akaenda kusimama kando ya pikapu. Mama, aliyekuwa akichambua maharage, ndiye aliyenieleza, kwa ile sauti ya mtu anayemweleza msomi jambo ambalo hata mbuzi wanalijua.

Kwetu Buha, alisema, mtu mwenye ng'ombe humpa ng'ombe mtu asiye naye. Ndiyo ubugabire. Huuziwi, unapewa. Unakunywa maziwa yake, unapata samadi yake, lakini ndama mmoja hurudi kwa aliyekupa, na wewe mwenyewe unakuwa mtu wake. Akijenga ua, uko pale na miti. Akifiwa, uko pale. Akisafiri, unatangulia. Ukimkuta mbele za watu unapiga makofi ya mikono iliyofumbika, polepole, umeinama, kama tunavyowaamkia wakubwa, na hayo makofi hayana mwisho mpaka mmoja wenu afe.

"Lakini hii ni injini," nilisema. "Injini haizai ndama."

"Inazaa asali," mama alijibu. "Baba yako amefanya hesabu hiyo tangu uliposoma mara ya kwanza."

Nilijaa hasira ya mtu wa miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimesoma shuleni kwamba ukabaila umekwisha, na sasa umekuja kukaa ndani ya bloku ya chuma yenye silinda nne.

Siku nne baba alipiga hesabu zake peke yake. Siku ya tano mavuno yalikuwa yamebakiza wiki tatu, na akasema tutakwenda. Angeongea na mwenzake ana kwa ana, mwanamume kwa mwanamume, ataje bei, ainunue kama mtu anunuavyo jembe. Nilitakiwa niende kwa sababu ya kuandika hati ya mauziano. Fundi naye alitakiwa aende na kisanduku chake cha spana.

"Huwezi kwenda mikono mitupu," mama alisema.

"Sitakwenda mikono mitupu. Nitachukua debe la asali lililobaki la mwaka jana."

"Si pombe?"

"Una wazimu?" baba alisema. Maana anayekwenda kuomba ng'ombe huenda na pombe. Ikishanywewa mbele ya watu, naye akapiga makofi, mambo yamekwisha. Hilo nalo mama alinieleza, huku baba akifunga mfuniko wa debe kwa kitambaa na kutabasamu kwa mara ya kwanza katika mwezi. "Asali ni bidhaa," alisema. "Mfanyabiashara anampelekea mwenzake bidhaa."

Tulipanda basi alfajiri. Debe lilikaa katikati ya miguu ya baba na hakuliachia mpaka tulipofika. Nchi ilikuwa nzuri isivyo haki kwa mtu mwenye hasira: vilima vimekunjamana kama shuka lililotoka kuanuliwa kwenye kamba, ukungu umelala mabondeni, na nyasi zimeanza kugeuka rangi ya mkate. Fundi alilala mdomo wazi kutoka Makere mpaka tuliposhuka.

Mzee wa Kibondo alikuwa mrefu, mwenye koti la sufu na fimbo, na alipomwona baba alicheka mpaka akakohoa. "Manamba mwenzangu," alisema. "Amahoro." Wakashikana mikono, wakashikana mabega, wakaulizana juu ya watoto, mvua, ng'ombe, miguu, meno. Maamkizi yalichukua muda wa kuchemsha maharage. Baba akatoa debe.

"Asali kidogo kutoka dukani kwangu," alisema, akikaza neno duka, ingawa duka letu lilikuwa madebe na pikapu tu.

"Asali," mzee alisema, akalipokea kwa mikono miwili, akampa mkewe. "Mungu akuongezee."

Injini tulionyeshwa jioni ile. Pikapu ilikuwa imekokotwa na ng'ombe mpaka nyuma ya zizi. Fundi alifungua kifuniko, akachomoa kijiti cha oili, akakiangalia, akakinusa, akazungusha feni kwa mkono, akainua uso na nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona: fundi anafurahi.

"Mzee," alimnong'oneza baba, "hii ni bikira."

Baba akasafisha koo akaanza kutaja jambo la bei. Mwenyeji akamshika mkono. "Umechoka. Habari za chuma hazizungumzwi na mtu aliyechoka. Leo ule ulale."

Kesho yake spana kubwa ya mwenyeji ilikuwa imeazimwa na mtu aliyekwenda mnadani. Fundi akasema anayo yake. Mwenyeji akasema si vizuri mgeni kutumia chombo chake penye chombo cha mwenyeji. Kesho kutwa yake ilikuwa siku ya kukata miti mitatu ya kuinulia injini, na miti mitatu, kwa watu wanne wenye mashoka, ilichukua siku nzima. Kila baba alipofungua mdomo kutaja bei, zilikuja habari za Tanga: nyapara yule, mvua ile, siku walipokula konokono kwa bahati mbaya. Walicheka pamoja, na baba alisahau alichotaka kusema, au alijifanya amesahau, na mimi nilitamani kuwafungia wote wawili ndani ya kichwa kile kilichobonyea.

"Mimi nilikuja kufungua nati," fundi aliniambia, amekaa juu ya kisanduku chake. "Naona kama nimekuja kuoa."

Siku ya nne, asubuhi, mwenyeji mwenyewe alisema, "Haya, fundi, fanya kazi." Fundi aliifanya kama mtu aliyefunguliwa kifungoni. Kufikia saa nane mchana injini ilikuwa imeachana na gari lake, inaning'inia kwenye mnyororo chini ya ile miti mitatu, inazunguka polepole, nyeusi na safi. Nilipoinua macho niliona ua umejaa watu. Wazee wa jirani walikuwa wamekaa kwenye viti vifupi. Wanawake walikuwa wametoa chungu kikubwa, na harufu yake ilinifikia kabla sijajua ni nini: tamu, kali, yenye nta ndani yake.

Baba aliijua harufu ile kuliko mtu yeyote pale. Miaka kumi na tano aliishi kwayo. Nilimwona anasimama taratibu.

Mwenyeji akainua kibuyu. Alisema na watu wake kwa Kiha, polepole, na ingawa Kiha changu ni cha jikoni nilielewa kila neno. Huyu ni ndugu yangu. Tulikata mkonge pamoja. Leo amenijia kwa heshima, ameniletea pombe, nami nampa hiki kilichoning'inia hapa. Wazee wakaitikia. Wote wakamgeukia baba, wakangoja mikono yake.

"Nilileta asali," baba alisema.

"Ulileta asali," mwenyeji alikubali. "Na asali ikikaa na maji chunguni siku tatu inaitwaje?"

Watu walicheka, si kwa ubaya. Hata fundi, ambaye hakugusa pombe maishani mwake, alikohoa kicheko ndani ya kitambaa chake. Ndipo nilipozielewa siku zote zile, spana na mnada na miti: mtu alikuwa akingoja asali yetu iive.

Sikumchukia yule mzee. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Uso wake ulikuwa umejaa upendo. Asubuhi ile ile alinikuta kisimani akaniambia, "Baba yako ananiogopa bure. Wanangu wote wako mbali. Nataka tu awepo mtu wa kuja kuniamkia." Nami nilijiambia moyoni: piga makofi, baba. Piga mara tatu tu. Mikono ni yako, ukifika Kasulu itakuwa ile ile. Injini hii hapa, mavuno hayo hapo, siku mbili tu na tuko barabarani.

Baba alichukua kibuyu, akanywa, akafuta midomo. "Ni tamu," alisema. "Nakushukuru kwa kunipikia. Sasa mbele ya wazee hawa taja bei ya injini, nami nitalipa, na tutaendelea kunywa."

"Mimi si mwenye duka, ndugu yangu."

"Mimi ni mwenye duka."

"Kwa hiyo unataka kuninunua?"

"Nataka kuinunua injini."

"Injini haiuzwi. Inatolewa."

Walitazamana. Mnyororo ulilia kidogo kwa uzito. Walikuwa wanaume wawili wa makamo waliowahi kulala chini ya blanketi moja, na kila mmoja alikuwa na kile ambacho mwenzake alikihitaji, na kati yao palikuwa na makofi tu, upepo unaobanwa katikati ya viganja viwili. Nilitaka kupiga mimi.

"Fundi," baba alisema bila kumtazama. "Rudisha nati zake."

"Zipi, mzee?"

"Zote."

Fundi alivua kofia, akaivaa tena. Sikuwahi kumsikia mtu akitukana kwa adabu kiasi kile; alimtaja Mungu, Mtume, wazazi wake na siku aliyojifunza ufundi, kisha akapiga magoti akaanza. Alimaliza kwa mwanga wa mwisho wa jua. Watu walikwisha kuondoka mmoja mmoja. Mwenyeji alikuwa amekaa kwenye kiti chake, fimbo katikati ya magoti, hakutuaga wala hakutufukuza.

Katika basi la kurudi nilisema kila kitu. Nilimwambia baba kwamba ni chuma. Nilimwambia kwamba mama atakwenda kulima Muyama kwa sababu ya viganja vyake. Nilimwambia kwamba mzee yule anakufa kwa upweke na yeye kwa kiburi, na kwamba wote wawili ni wapumbavu. Maneno hayo binti hamwambii baba yake, na abiria wa mbele yetu waliacha kuzungumza ili wasikie vizuri.

Baba aliniacha nimalize. "Mimi nimewahi kuamshwa kwa kengele," alisema. "Miaka minne. Kengele ikilia unaamka, ikilia unakula, ikilia unalala. Nilipopanda treni ya kurudi nilisema sitakwenda tena mahali kwa kuitwa." Akageukia dirisha. "Naye alikuwepo. Aliisikia kengele ile ile. Ndiyo maana siwezi kumsamehe."

Tulipofika Kasulu alifuatana na fundi mpaka bandani kabla ya kufika nyumbani. "Ipasue," alisema. Mwezi na nusu wa kuuliza watu, na mwishowe uamuzi ulikuwa neno moja.

Sitasimulia kila kilichofuata. Injini ilishushwa. Ilipofunguliwa tulikuta mengi kuliko fundi alivyoyasikia kwa bisibisi yake. Bloku ilishuka Kigoma, ikapanda treni kwenda Tabora, ikasagwa, ikakaa stesheni kwa sababu karatasi zake zilipakiwa behewa lingine. Pistoni hazikuwepo Kigoma, hazikuwepo Tabora; zilipatikana Mwanza, mbili, na nyingine mbili baada ya barua nne nilizoandika mimi. Kila basi lililoingia Kasulu baba alikwenda kulipokea kama anayempokea mkwe. Mwezi wa sita uliingia. Ukungu ukaondoka asubuhi, mbingu ikawa kavu na kubwa, na tulijua kwamba kule misituni moshi wa warina asali ulikuwa unapanda.

Kisha wasafiri wakaleta habari. Mzee wa Kibondo alikuwa amempa injini kijana mmoja wa huko, ambaye aliifunga kwenye gari lake bovu, na kijana alikuwa anapita vijiji vyote vya karibu na barabara akinunua asali. Vijiji vyetu. Alikuwa mwepesi, mcheshi, na alilipa vizuri. Kila Jumatatu alikuwa akipita kwanza kwa mzee kumwamkia.

"Anapiga makofi?" mama aliuliza.

"Mpaka mikono iwe myekundu," msafiri alisema. "Na asali inaingia."

Mama aliinua uso. Alinitazama, akatazama mlango wa chumba cha baba, akaendelea kupepeta.

Pikapu ilitembea tena mwezi wa saba, wiki ya tatu. Fundi aliileta mwenyewe. Ilikuwa haigongi, haitoi moshi, ilinguruma chini chini kama paka aliyeshiba, na majirani walitoka nje kwa sababu hawakuisikia ikija. Fundi alikuwa amekonda. "Mzee," alisema, "injini hii itakuzika." Kwa fundi, hiyo ni sifa. Baba alizunguka gari mara mbili, akaingiza mkono dirishani akagusa usukani, akashukuru.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta mezani amevaa koti la safari, anakunywa chai. Madebe matupu yalikuwa yamepakiwa.

"Unakwenda wapi?" nilimwuliza. "Asali imekwisha."

"Ya barabarani imekwisha. Kuna wale wa ndani, ng'ambo ya mto. Kijana yule hafiki kule, hawezi kukaa siku nyingi mbali na Jumatatu yake."

"Wale wana madebe mangapi? Sita? Nane? Utachoma petroli kuliko utakachopata. Huo si msimu, baba. Huo ni ukaidi."

"Sita," alisema. "Labda saba, kama mjane mmoja wa kule amerina."

"Na mwakani?"

"Mwakani watakuwa wamenizoea wao."

Nilimwambia angekuwa na madebe mia, mwaka huu, kwa makofi matatu. Nilimwambia kwamba barua yangu ya chuo imekuja, nitaondoka mwezi wa tisa, na kwamba sitaki kuwa mwalimu anayewafundisha watoto hesabu huku nyumbani kwetu hesabu zinafanywa hivi. Nilisema mengi. Mama aliingia, akaweka mezani mihogo ya kuchemsha iliyofungwa kwenye jani la mgomba, akatoka bila kuchukua upande wowote, na hilo nalo liliniudhi.

Baba alimaliza chai yake. Hakuwa na haraka wala hakuwa na ushindi usoni. Alikuwa mtu aliyekonda mwaka ule pamoja na fundi wake, mwenye mikono mikubwa iliyojaa makovu ya mkonge, aliyenyanyuka kwa kushika meza.

"Njoo twende," alisema. "Unisaidie kupima."

"Siendi."

"Haya, mama."

Alichukua mihogo, akachukua kofia. Pale mlangoni alisimama kidogo, nadhani alingoja nibadili nia, nami niliangalia kikombe chake na majani ya chai yaliyobaki chini. Kisha akatoka, na akaufunga mlango nyuma yake polepole, akiuvuta mpaka komeo likaingia.